Kofia bila ng'ombe: juu ya ma-Bill wa Kinshasa na utamu wa mchezo wa kauboyi

Wakubwa wetu wakianza kuongea juu ya utoto wao, kuna fasi moja ambayo sauti yao inabadilika. Ni pale wanapofika kwa michezo. Mpira wa makaratasi, gari za waya, na kwa wale waliokulia Kinshasa au karibu na sinema za miji ya migodi, mchezo wa kauboyi: kofia pana, kitambaa shingoni, kamba ya kitanzi, bastola ya mti. Macho yanang'aa. Halafu inafuata ile sentensi tunayoijua wote: «Sisi tulikuwaka na utoto wa kweli. Ninyi muko na telefone tu.»

Leo nataka tuuangalie huo utamu kwa karibu, nikisaidiwa na kitabu kimoja na picha za mpiga picha mmoja. Kitabu ni Tropical Cowboys cha Ch. Didier Gondola, mwanahistoria mwenye asili ya Congo anayefanya kazi Marekani. Kilitoka 2016, kwa Kiingereza, na kinaongelea vijana wa Kinshasa wa miaka ya 1950 walioitwa ma-Bill. Picha ni za Jean Depara, aliyezaliwa Angola 1928 na kufungua studio yake Kinshasa, yule yule aliyempigaka Franco picha wakati Franco angali kijana. Depara alipenda usiku, baa, magari, wanawake waliovaa vizuri. Na aliwapiga ma-Bill pia, wakiwa wamejipanga kama wako Texas.

Kwanza, kwa wale ambao hawajui: ma-Bill walikuwa vijana wa mitaa ya Waafrika ya Léopoldville. Jina walilitoa kwa Buffalo Bill. Walivaa jinzi, mashati ya miraba, vitambaa shingoni, kofia za ukingo mpana. Walipachika mitaa yao majina yenye harufu ya Far West. Walijenga misuli kwa chuma, wakavuta bangi, wakapigana mtaa kwa mtaa, na wakatunga lugha yao, Hindubill: Lingala iliyochanganywa na Kifaransa, Kiingereza kidogo, na maneno ya kujitungia ili mzazi na polisi wasielewe. Kuna padri mmoja Mbelgiji wa shirika la Scheut, Jozef de Laet, aliyejifunza hiyo lugha na kuingia kati yao mpaka wakamwita Père Buffalo. Gondola anampa nafasi kubwa katika kitabu, na ana haki: padri anayevaa mchezo wa vijana ili awatoe ndani ya mchezo, hiyo ni hadithi peke yake.

Sasa swali ambalo kila mtu anaulizaka: kwa nini kauboyi? Serikali ya Wabelgiji ilichagua filamu gani Mwafrika aruhusiwe kuona. Filamu zinazoonyesha Wazungu wakifanya mambo ya aibu, hapana. Filamu za farasi na bastola zilipita. Pengine waliona ni za kitoto. Kijana aliyekuwa anakatazwa kuzurura usiku katika mitaa ya Wazungu, ambaye kila siku anaonyeshwa makaratasi yake yanamtosha kwa nini na hayamtoshi kwa nini, anakaa mbele ya nguo nyeupe na kuona mtu asiye na bosi, anayeenda anakotaka, anayeamua ugomvi mwenyewe. Unafikiri atachukua nini akirudi nyumbani? Gondola analiweka hili vizuri: ma-Bill hawakudanganywa na filamu, waliiiba. Walichukua kile walichohitaji na kuacha kingine. Tarehe 4 Januari 1959 mji ulipowaka, vijana wa aina hii walikuwa barabarani.

Kabla ya kukubali yote, kuna mtu mwingine wa kusikiliza. James Baldwin, mwandishi Mweusi wa Marekani, alisema katika mdahalo wa Cambridge mwaka 1965 kwamba mtoto Mweusi wa nchi yake anapata mshtuko mkubwa siku moja: alikuwa anamshangilia Gary Cooper anayewamaliza Wahindi wa Amerika, kumbe Muhindi ni yeye. Huo mshtuko ndio ninaoukosa katika kumbukumbu za wakubwa wetu. Wote walikuwa kauboyi. Muulize mzee yeyote: ulikuwa nani? Kauboyi. Na rafiki yako? Kauboyi pia. Basi Muhindi alikuwa nani? Hapo anacheka, anasema alikuwa fulani, yule mdogo, yule mgeni wa avenyu, yule ambaye mama yake hakuwa na nguvu ya kuja kugombana. Kila avenyu ilikuwa na Muhindi wake na huyo haandikaki kumbukumbu.

Tuende kwenye asili ya mavazi, maana watu husema ule ni mchezo tu wa watoto, hauna ubaya, vita ya kweli ilikuwa kitu kingine. Hapana. Mchezo na vita vilizaliwa pamoja. William Cody, huyo Buffalo Bill mwenyewe, alikuwa mwongozaji wa jeshi na wakati huo huo mchezaji wa tamthilia. Mwezi wa 7 mwaka 1876, wiki chache baada ya jeshi la Custer kumalizwa kule Little Bighorn, Cody alienda kwenye mapigano akiwa amevaa nguo za jukwaani: veluti nyeusi yenye mapambo. Akamuua mpiganaji wa Cheyenne aitwaye Yellow Hair, akamtoa ngozi ya kichwa pamoja na nywele, na kabla mwaka haujaisha alikuwa anaigiza tukio hilo hilo mbele ya watu waliolipa tiketi. Soma tena, wandugu. Mtu alivaa vazi la mchezo ili aende kuua, ili akirudi aweze kusema kwamba vazi la mchezo ni vazi la kweli.

Mwaka 1883 akaanzisha maonyesho yake makubwa ya Wild West, yaliyozunguka Marekani na baadaye Ulaya. Mwaka 1885 Sitting Bull, mkubwa wa Walakota, alizunguka nayo msimu mmoja. Watu walilipa kumwona. Tarehe 15 Desemba 1890 polisi wa serikali walimuua nyumbani kwake, na wiki mbili baadaye likatokea lile la Wounded Knee.

Tarehe 15 Desemba, tena, lakini 1954: televisheni ya Marekani inaonyesha sehemu ya kwanza ya Davy Crockett ya Walt Disney, Fess Parker akiwa na kofia ya ngozi ya rakuni yenye mkia nyuma. Kichwa cha sehemu hiyo kinamwita mpigana-Wahindi. Sidhani kama kuna mtu aliyechagua hiyo tarehe kwa makusudi. Ndani ya miezi michache watoto wa Wamarekani weupe wakawa na mikia ya rakuni shingoni, na leo, wakiwa wazee wenye miaka 75 na zaidi, ile kofia ndiyo utoto wao. Wanaikumbuka kwa mapenzi ya kweli, siwezi kuwacheka. Lakini Crockett mwenyewe, yule wa historia, alipigana vita vya Wacreek mwaka 1813 kisha, akiwa mbunge, mwaka 1830 akapiga kura kupinga sheria ya kuwahamisha Wahindi kwa nguvu kutoka ardhi zao. Uchaguzi uliofuata alishindwa. Na Disney hakulificha jambo hili: liko katika sehemu ya pili, Crockett anasimama bungeni na kuipinga. Watoto waliliona kwenye televisheni. Ila hakuna mtoto aliyeenda dukani kununua nguo za kupigia kura. Kofia iliuzwa, bunduki iliuzwa, kura haikuuzwa. Hapa ndipo naona ugumu wa mchezo wa mavazi kama njia ya kukumbuka: unakumbuka kile tu kinachovalika.

Ninayeandika ni mtu wa agronomia, mtanisamehe, siwezi kupita mbele ya kauboyi bila kuuliza ng'ombe wako wapi. Angalia picha za Depara. Kofia iko, mkanda uko, mikono iko kiunoni. Ng'ombe hakuna. Angalia filamu nyingi: ng'ombe ni vumbi nyuma ya mlango wa baa. Na hata watoto wa Marekani, walipocheza, nani alicheza ng'ombe?

Kauboyi alikuwa mfanyakazi wa mifugo. Kazi yake kubwa ilidumu kama miaka 20 tu, kuanzia 1866 hivi: kusukuma makundi kutoka Texas hadi stesheni za treni za Kansas kama Abilene na Dodge City, miezi kwa miezi, kwa mshahara wa dola 30 au 40 kwa mwezi. Ujuzi wenyewe, kamba ya kitanzi, kiti cha farasi, hata maneno lasso, rodeo na ranch, ulitoka kwa wachunga ng'ombe wa Mexico waliosema Kihispania. Wanahistoria wanakadiria kwamba karibu mmoja kati ya wanne alikuwa Mweusi, wengi wao waliotoka utumwani. Kisha ikaja waya wa miiba wa Joseph Glidden, hati yake ni ya 1874, malisho yakafungwa. Na ikaja baridi ya 1886–87. Hiyo ningependa ifundishwe katika kila kozi ya zootekinia: watu walijaza ng'ombe wengi kupita uwezo wa majani, kiangazi kikakausha kilichobaki, hakukuwa na nyasi kavu zilizowekwa akiba, theluji ikafunika yote. Ng'ombe walikufa kwa mamia ya maelfu. Waliofukuza ndege waharibifu wa mizoga masika yaliyofuata hawakuwa na bastola mbili za fedha.

Kwa hiyo kijana wa Kinshasa alipovaa jinzi na kusema yeye ni Bill, alikuwa karibu na kauboyi wa kweli kuliko Gary Cooper alivyokuwa. Hili Gondola hakulisukuma sana na nadhani angeweza. Yeye anaangalia uanaume, misuli, ubabe. Neno hilo, uanaume, linabeba mzigo mkubwa sana katika kitabu, wakati mwingine mpaka linachoka. Kazi, mshahara, njaa ya kijana aliyefika mjini bila kitu, naona vinapita haraka.

Wabelgiji nao walikuwa na kauboyi wao, na huyu ndiye aliyefika mpaka kwetu mashariki: Lucky Luke. Morris alimchora kwa mara ya kwanza mwaka 1946, na albamu zake zilizochakaa, bila jalada, zilizunguka katika maktaba za parokia mpaka wakati wetu. Ni kitu kizuri, nacheka nacho hadi leo. Lakini ilibidi tungoje 2020 ili mfululizo huo utoe Un cow-boy dans le coton, wa Jul na Achdé, ambamo Lucky Luke anarithi shamba la pamba Louisiana na anayeokoa hali ni Bass Reeves, polisi Mweusi aliyekuwako kweli. Niliisoma kwa furaha na kwa kusaga meno kidogo. Pamba! Mchoraji Mbelgiji wa 1946 angeweza kuuliza nyumbani kwake habari za pamba. Huku Congo kilimo cha lazima kiliwekwa kisheria mwaka 1917, siku 60 kwa mwaka kwa kila mwanaume mwenye nguvu, na Cotonco ikaundwa 1920. Babu zetu wengi walilima pamba hiyo kwa kuogopa fimbo na gereza. Albamu inaenda kutafuta pamba Louisiana. Sawa, kila hadithi ina kijiji chake. Lakini msomaji wa hapa ana haki ya kuliona shimo.

Nilisema mimi pia nimeonja. Ndiyo. Nilikulia Bukavu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na katika vibanda vya video tulilipa kidogo sana kuona Trinita, ile ya Terence Hill na Bud Spencer, ikiwa imeingizwa sauti za Kifaransa. Tulikuwa na kofia za karatoni. Bunduki tulikata kwenye mgomba, ni laini na inakatika kwa kisu chochote, lakini inakauka siku mbili tu, basi wakubwa wakahamia kwenye mti wa mforsadi. Kamba ilikuwa ya mbuzi wa jirani, na mbuzi ndiye alikuwa ng'ombe, kwa hiyo kwa upande huo sisi tuliwapita Hollywood. Sheria: ukipigwa unahesabu mpaka ishirini, ukimaliza unaamka.

Halafu ikaja Juni 2004, mji ukachukuliwa, kila aliyekuwako anakumbuka siku zile. Tulipotoka tena nje, mama mmoja wa avenyu alipita nyumba kwa nyumba akakusanya bunduki zetu zote za mti na kuziingiza kwenye moto wa kupikia maharagwe. Hakupiga mtoto hata mmoja. Alisema tu: «Jioni, mutu mwenye kushika ya kweli hataona kama yako ni ya muti.» Baada ya pale hakuna aliyecheza kauboyi tena pale kwetu. Tulicheza wanajeshi, kwa mikono mitupu, vidole viwili vimenyooka. Majina yalikuwa ya makundi tuliyoyasikia kwenye redio. Na ajabu, sasa kila mtu alitaka kuwa yule anayekimbia, juu tulikuwa tumeona ni nani anayebakiaka hai.

Ndiyo maana ile hotuba ya utoto wa kweli na telefone inanipita pembeni. Mzee wa Kinshasa anayeikumbuka bastola yake ya mti kwa upendo anaweza kufanya hivyo kwa sababu katika mtaa wake, miaka hiyo, bastola nyingi zilikuwa za mti kweli. Mwenzangu wa Rutshuru au wa Uvira aliyezaliwa mwaka mmoja nami, aliyepewa ya chuma akiwa na miaka 11, yeye akikumbuka michezo ataanzia wapi?

Na wasichana. Hapa Gondola ni jasiri na ninamheshimu. Kitabu hakifichi kwamba kati ya ma-Bill ubabe uliingia katika miili ya wasichana, kwamba kubakwa na kutekwa kwa wasichana wa mtaa mwingine vilihesabiwa kama sehemu ya ushujaa. Walikuwako pia wasichana waliojiita Bill na kuvaa kama wao, lakini hawakuandika sheria za mchezo. Nikisoma sura hizo, kisha nikirudi kwa picha za Depara zenye tabasamu na viuno vimeinuliwa, siwezi kuziangalia kama mwanzo. Picha ni nzuri. Mwanga wake, kiburi cha wale vijana mbele ya mji ambao haukutaka wawe na kiburi, hiyo ni sanaa na nitaitetea mbele ya yeyote. Lakini leo zinapendwa sana na maonyesho ya Ulaya, zinauzwa kama Kinshasa ya furaha, na yule msichana wa mtaa wa pili hayuko katika fremu. Depara hakuwa na deni la kumpiga picha. Sisi tunaoangalia ndio tunapaswa kujua kwamba alikuwako.

Lawama yangu kwa kitabu iko hapo hapo. Nilivyokisoma mimi, sauti kubwa ni ya wazee wanaume wanaokumbuka ujana wao, na mzee akikumbuka ujana wake anajipandisha farasi. Gondola anajua hilo, anajaribu kuzuia, lakini mara nyingine yeye mwenyewe anapanda nyuma. Pia Congo yake inaishia karibu na mto. Hatua chache ng'ambo ya mpaka wa Katanga, kule Luanshya, mwanaantropolojia Hortense Powdermaker alikuwa tayari mwaka 1953 anaandika jinsi wachimba migodi walivyoshangilia filamu za kauboyi, na shujaa wote wakimwita Jack hata kama filamu ilimpa jina lingine. Treni, ndugu na kazi vilipita mpaka ule kila wiki. Lubumbashi haikuwa na akina Jack wake? Mtu aandike.

Wakati wa stage yangu nilikaa wiki kadhaa Masisi, kwenye malisho ya juu, kule inakotoka fromage inayouzwa Goma. Wachunga ng'ombe wa pale ni vijana wa umri wetu au wadogo. Mabuti ya plastiki, koti kubwa la mvua, fimbo, kofia ya pamba kwa sababu ya baridi. Ng'ombe si wao. Wanalipwa kidogo, mara nyingine kwa maziwa, na vita ikifika wao ndio wa kwanza kukutana nayo, maana mifugo haiwezi kufichwa chini ya kitanda. Wanajua kila ng'ombe kwa jina, wanajua kilima gani majani yake yanaleta kuhara wakati wa mvua. Mmoja aliniambia ugonjwa wa kwato kabla sijafungua daftari langu. Sijawahi kuona mtoto wa mjini akivaa kama yeye kwa mchezo.

Wenye kitabu cha Gondola, kipitisheni, hapa Bukavu nakala ni ya kutafuta kwa tochi. Na kama muko na papa au mama mkubwa aliyekulia Kinshasa, Likasi au ng'ambo ya Kasumbalesa miaka ile, muulizeni mambo mawili na mulete majibu kwa jina lisilo lake: nani alikuwa Muhindi, na dada zake walikuwa wapi wakati wa mchezo.